Saa ya Msafiri

Katika hadithi za kubuni zinazomsimulia mtu aliyetoka zama hizi akaingia zama nyingine, aghalabu macho ya msomaji huvutwa na chombo, kiwe kiti chenye vipini vya kukiendeshea, au gari, au sanduku; nami nina nadharia, ambayo huenda ikaonekana ya mchezo lakini naishikilia kwa dhati, kwamba chombo hicho hakina kazi kubwa, na kwamba hadithi za namna hii husimama au huanguka kwa saa mbili: ya kwanza ni saa ya dunia, ambayo mtungaji ana ruhusa ya kuirudisha nyuma, kuiruka na kuizungusha apendavyo, na ya pili ni saa ya msafiri mwenyewe, ambayo haina ruhusa ya kurudi nyuma hata kwa dakika moja. Mwanafalsafa wa Kimarekani David Lewis alizipambanua saa hizi katika makala yake ya mwaka 1976, akautenga wakati wa nje na wakati wa nafsi, kwa kusudi la kuthibitisha kwamba safari kama hiyo haipingani na mantiki. Mimi nauchukua upambanuzi wake na kuuingiza katika karakana ya watungaji, niulize jambo ambalo halikumshughulisha sana: je, mtungaji humwonyeshaje msomaji ile saa ya pili, ilhali haina uso wala mishale?

H. G. Wells, Mwingereza aliyechapisha The Time Machine mwaka 1895, alilijibu swali hilo kwa ustadi ambao sijaona bado aliyeuzidi. Chombo chake kina vipimo vinne, cha kwanza kikihesabu siku, cha pili maelfu ya siku, cha tatu mamilioni, na cha nne maelfu ya mamilioni. Vyote hivyo ni saa ya dunia, na kwavyo msafiri hujua kwamba amefika mwaka 802,701. Saa ya pili Wells hakuiweka chomboni, aliiweka mwilini. Wageni wamekwisha kuketi kwa chakula cha jioni bila ya mwenyeji wao, mara mlango unafunguka naye anaingia akichechemea, koti limejaa vumbi na madoa ya kijani mikononi, hana viatu ila soksi zilizoraruka zenye damu, na kidevuni ana jeraha lililokwisha kupona nusu. Namsihi msomaji asimame hapo penye jeraha. Mtu huyu siku hiyohiyo, saa nne asubuhi, alikuwa akizijaribu skrubu zake kwa mara ya mwisho; saa kumi alasiri alikuwa maabarani mwake; na jeraha halifiki nusu ya kupona kati ya alasiri na chakula cha usiku. Kwa hiyo kabla hajatamka kwamba tangu saa kumi ile ameishi siku nane, ngozi yake imekwisha kumtolea ushahidi, na njaa yake pia, maana neno analolitanguliza mbele ya maelezo yote ni kuomba abakishiwe nyama ya kondoo.

Fauka ya hayo, Wells aliongeza ushahidi mwingine ambao wasomaji wengi huupita bila ya kutanabahi. Chombo kiliondoka katika pembe ya kusini mashariki ya maabara na kurudi katika pembe ya kaskazini magharibi, kikiwa kimeegemea ukuta, kwa nini? Kwa sababu huko mbele viumbe wa chini ya ardhi walikikokota kutoka majanini hadi ndani ya msingi wa sanamu, na kwa kuwa chombo husafiri katika wakati tu wala hakisogei mahali, masafa yaliyo baina ya pembe zile mbili ni sawasawa na masafa kilichokokotwa. Mtungaji aliyekuwa na haja ya kustaajabisha tu asingejisumbua kwa hesabu hiyo. Wells alijisumbua, na hapo ndipo anaponikinaisha kuliko anapozungumza juu ya kipimo cha nne cha maumbile.

Walioketi chuoni katika miji ya pwani wanakijua kisa ambacho siwezi kukiweka katika safu ya hadithi za kubuni, na wala sithubutu, lakini naona ni haki nikitaje mintarafu ya jambo hili la saa: kile cha mtu aliyefishwa miaka 100 kisha akafufuliwa, akadhani amekaa siku moja au sehemu ya siku, akaonyeshwa chakula chake kikiwa hakijaharibika na punda wake akiwa amebaki mifupa. Kwa chakula ni kama haikupita hata siku, kwa punda karne imetimia, na mwenyewe amesimama kati ya mashahidi wawili wasiopatana. Bila ya chombo chochote, tofauti ya nyakati imedhihirika kwa vitu viwili vilivyowekwa mbele ya macho.

Nadharia isiyopelekwa penye shida haina thamani, basi na tuipeleke kwa Robert Heinlein, ambaye mwaka 1959 alichapisha hadithi fupi iitwayo All You Zombies, ambamo mtu mmoja, kwa safari za wakati na kwa upasuaji uliombadilisha jinsia, amekuwa mama wa nafsi yake na baba wa nafsi yake. Ukiisoma kwa kalenda ya dunia utapata kizunguzungu. Walakini ukimshika mtu huyo mkono tangu alipoachwa mtoto mchanga mlangoni mwa kituo cha yatima mwaka 1945, ukaenda naye kwa umri wake mwenyewe, hatua baada ya hatua, hutakuta mahali alipopungua umri wala alipokumbuka jambo ambalo bado halijampata. Asili yake haina mwanzo, nalo ni fumbo kubwa. Lakini maisha yake yana mpangilio, na mpangilio huo ndio unaotuvusha.

Shane Carruth naye, katika filamu yake Primer ya mwaka 2004 iliyogharimu kiasi cha dola 7,000, aliifanya saa ya msafiri kuwa deni linalolipwa taslimu. Sanduku lake huwashwa, mathalan, saa tatu asubuhi. Mtu hujitenga na watu hadi saa tisa alasiri, kisha huingia sandukuni, na akitaka kutoka saa tatu ya asubuhi ileile hana budi kuketi humo ndani saa sita kamili. Hawezi kurudi kabla ya sanduku kuwashwa, wala hapunguziwi hata dakika. Ukijumlisha saa sita za kujificha na sita za sandukuni, siku ya watu ya saa 24 kwake imekuwa ya saa 36, na filamu haisemi kwa hotuba kwamba jambo hilo linawadhuru: tunaona mwandiko wao ukiharibika na damu ikitoka sikioni. Ni lile jeraha la kidevuni tena, ila sasa haliponi.

Kinyume chake ni Back to the Future ya mwaka 1985, ambamo kijana aliyewazuia wazazi wake wasipendane anatazama picha ya ndugu zake, nao wanafifia humo mmojammoja. Kwa saa ipi wanafifia? Kama hawakuzaliwa, hawakuzaliwa. Hakuna nusu ya kutozaliwa. Kwa mujibu wa kanuni yangu hiyo ni taksiri iliyo wazi, na sitaki kuitetea, japo nakiri kwamba picha ile huhesabu muhula uliosalia vizuri kuliko maneno, na katika jumba la sinema mtazamaji hudai muhula kabla ya kudai mantiki.

Ray Bradbury, katika A Sound of Thunder ya mwaka 1952, aliuona ufa huo akaupita kwa njia nyingine. Mwindaji wake anarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 60, anakanyaga kipepeo, na anaporejea ofisini mwaka 2055 anakuta tangazo la ukutani limeandikwa kwa tahajia mbovu. Karani aliyeketi mezani haoni ajabu, kwa kuwa kwake herufi zimekuwa hivyo daima. Anayeona ni yule tu ambaye saa yake imevuka kutoka dunia ile hadi hii. Na msomaji anaona pia. Bradbury alimsomesha tangazo lilelile katika ukurasa wa kwanza, kwa tahajia sahihi, kabla ya safari kuanza, na kwa kuwa kurasa husomwa kwenda mbele tu, msomaji ameyabeba maneno yale katika saa yake mwenyewe, akaenda nayo hadi kwa madubwana ya kale na kurudi. Ndiyo maana mtungaji hakulazimika kueleza mabadiliko hata kidogo: ilimtosha kulichapa tangazo mara ya pili.