Kinu, Safu na Bahati: Uhakiki wa Sitiari za Kiswahili katika Ukokotoaji wa Mienendo ya Nyutroni

Makala hii inahakiki sitiari tatu zinazojitokeza fizikia ya nyuklia inapoelezwa kwa Kiswahili: kinu, safu na bahati. Kila moja inapimwa dhidi ya kazi halisi ya kompyuta katika kukokotoa mienendo ya nyutroni ndani ya fueli. Muktadha ni Mpuguso, wilayani Rungwe, penye chuo cha ualimu. Mwalimu wa Tanzania husimama kwenye mpaka wa lugha mbili: shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Akipokea sitiari yenye kasoro, ataivusha na kasoro yake.

Istilahi kinu imekwisha kuzoeleka katika vyombo vya habari. Hata hivyo, kinu cha kutwangia hutoa unga kwa kadiri ya nafaka iliyotiwa, na unga haurudi kuwa nafaka. Katika kinu cha nyuklia, zao hurudi kuwa mbegu. Kiini cha urani-235 kinapopasuka hutoa kwa wastani nyutroni zaidi ya mbili, na kinachotafutwa na mkokotoaji ni uwiano wa kizazi kimoja cha nyutroni kwa kizazi kilichotangulia. Uwiano ukiwa 1, mnyororo hudumu, ukipungua, hufifia. Istilahi haina budi kubaki, ila dhana ya kizazi iambatane nayo.

Sitiari ya safu ina mvuto mkubwa zaidi Rungwe, nchi ya chai na migomba. Mkulima anajua kwamba nafasi kati ya mimea si ardhi iliyopotea. Ndivyo ilivyo katika latisi ya fueli: nyutroni hutoka kwenye fueli, hupunguza mwendo ndani ya maji au grafiti, kisha hurudi kusababisha mpasuko. Lau fueli na kipunguza mwendo vingechanganywa kabisa, urani-238 ingemeza nyutroni nyingi zikiwa njiani kupungua kasi. Mantiki hiyo ndiyo iliyotumika Chicago tarehe 2 Desemba 1942, vipande vya urani vilipotenganishwa kwa grafiti.

Lakini sitiari hiyo inapwaya mbele ya vinu vilivyo karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili, yaani TRICO I ya mwaka 1959 na TRICO II ya mwaka 1972, mjini Kinshasa. Vyote viwili ni vya aina ya TRIGA, ambayo fito zake zina urani iliyochanganywa na haidraidi ya zirikoni. Sehemu ya kipunguza mwendo imo ndani ya fueli yenyewe. Fito zikipata joto, haidrojeni iliyomo huzipa nyutroni nishati zaidi. Nyingi hutoka bila kusababisha mpasuko, na nguvu hushuka zenyewe. Programu inayoichukulia haidrojeni hiyo kana kwamba ni gesi huru hupotosha tabia hiyo, na tabia hiyo ndiyo msingi wa usalama wa kinu.

Kasoro ya pili ya safu ni kudokeza shamba lisilo na mwisho. Wakokotoaji wengi huanza na ufito mmoja na kudhani kwamba unajirudia pande zote. Dhana hiyo hurahisisha mlinganyo, na katika kinu kikubwa haina madhara makubwa. Katika kinu kidogo cha utafiti, nyutroni nyingi huvujia kingoni. Mmea wa pembeni hauishi maisha ya mmea wa katikati.

Sitiari ya bahati ndiyo yenye madhara zaidi. Mbinu ya Monte Carlo, iliyobuniwa Los Alamos katika miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann, ilipewa jina la mahali pa kamari. Kuiita mbinu ya kubahatisha ni kuifanya ionekane ramli. Kiswahili cha kitaaluma tayari kina jina bora, linalotumika katika sura za methodolojia za tasnifu nyingi: usampulishaji nasibu. Kompyuta huteua historia za nyutroni kama mtafiti anavyoteua watoataarifa, na kosa la takwimu hujulikana na huripotiwa. Ili kulipunguza hadi nusu, historia sharti ziongezwe mara nne. Anayebahatisha hawezi kutaja kiasi cha kosa lake.

Suala hili si la msamiati pekee. Tanzania ina urani katika Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mjadala wa umma kuhusu nishati hiyo utaendeshwa kwa Kiswahili. Raia aliyefundishwa kwamba hesabu za usalama ni za kubahatisha atazikataa zote au ataziamini zote, na kwa hali yoyote hataweza kuuliza swali linalostahili: kosa ni kiasi gani, na kingo zimehesabiwaje?