Gia Uliyopandia

Kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni kilomita 33 za lami iliyobanwa kati ya mwamba na korongo, na katika kilomita hizo gari huteremka karibu mita 1,000. Anayeshuka huku mguu wake umelalia breki njia nzima anacheza na roho za watu. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto. Moto ukizidi, hupoteza mshiko, na mafuta yake yakichemka, pedali huzama mpaka chini na gari lisijali. Dereva aliyeiva huingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza. Injini ndiyo inayolizuia gari, breki zikabaki baridi kwa ajili ya kona, mbuzi na watoto wa shule. Mjomba wangu, aliyepeleka kabichi na karoti Dar es Salaam kwa lori la Fuso miaka mingi, hurudia kanuni moja kwa kila anayekaa karibu naye: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia.

Huu ni ufundi, na haujasifiwa vya kutosha. Seremala tunamsifu kwa kitanda, mwashi kwa nyumba. Dereva tunamkumbuka siku ya ajali. Tukifika salama tunasema barabara ilikuwa nzuri.

Niliuona ufundi huo kwa ukamilifu siku mjomba alipotutembeza familia nzima: alfajiri Lushoto, mchana msitu wa Amani, jioni ufuko wa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani. Milima, msitu na mchanga kwa siku moja, na kila ardhi inadai mkono wake.

Bibi alikaa mbele akiwa na ndimu kwenye mkoba, dawa ya kichefuchefu cha wajukuu. Nami nikawa namtazama mjomba kwenye kona. Mwendo aliupunguza kabla ya kuingia, usukani ukazunguka mara moja bila kurekebishwa-rekebishwa, kisha akaongeza mafuta taratibu gari lilipoanza kunyooka. Ndani ya kona yenyewe hakugusa breki. Panapojificha mbele alipiga honi fupi, akasikiliza. Ndiyo maana kioo chake kilikuwa wazi ingawa baridi ya Lushoto ilikuwa inauma. Lori lililopanda na mzigo alilipa njia mapema, kwa sababu likisimama mlimani kuondoka tena ni kazi. Tulipofika Soni, tukasimama kutazama maporomoko, hakuna mtoto aliyekuwa ametapika. Ndimu ya bibi ililiwa na chumvi.

Mombo, Korogwe, Segera, Muheza: tambarare, mkonge, machungwa ya kuuzwa kwa mafungu. Hapo niseme tu kwamba hakulipita gari lolote mahali ambapo hakuona mbele, hata wenye haraka walipompigia honi nyuma.

Baada ya Muheza lami ilikwisha, na kazi ikabadilika. Njia ya Amani inapitia Bombani na Kisiwani kabla ya kufika Sigi. Huku chini kulikuwa kukavu, na vumbi jekundu linasubiri gurudumu. Karibu na nyumba fulani viungo vilikuwa vimeanikwa kwenye mikeka, iliki na karafuu, hatua chache kutoka barabarani. Mjomba alipunguza mwendo mpaka watoto wakauliza kama gari limeharibika. Tukapita pole, vumbi likabaki chini ya magurudumu. Mama aliyekuwa akigeuza iliki akainua mkono, mjomba akajibu kwa kuinua wake. Jambo hilo nalithamini kuliko kona zote za Lushoto. Barabara ya kijijini ni ua wa watu. Kuku wanadonoa hapo, wazee wanasalimiana hapo, na jasho la msimu mzima linakaushwa pembeni yake. Dereva anayelitimulia vumbi hajafuzu, hata awe hodari namna gani kwenye mteremko.

Sigi ipo nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni. Wajerumani walikuwa wameleta reli ya tawi kutoka Tengeni ili kushusha mbao, na juu yake, Amani, mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Reli haipo tena. Msitu upo, na tangu 1997 umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Pepo za Bahari ya Hindi hupanda Usambara Mashariki zikiwa zimebeba unyevu, zikapoa, zikamwaga mvua. Mvua hiyo ndiyo inayoulisha mto Sigi, na maji ya Sigi ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga mjini.

Mvua hiyohiyo huugeuza udongo kuwa sabuni. Juu ya Sigi mjomba aliacha kuzungumza. Magurudumu aliyapitisha juu ya matuta, akiikwepa mifereji iliyochimbwa na malori. Mwendo mmoja, gia moja, mafuta hayaongezwi ghafla wala hayaachiwi ghafla. Gari lilipoteleza kidogo kuelekea bondeni, hakushtuka kukanyaga breki. Alilegeza mafuta, akaelekeza usukani kulekule lilikotelezea mpaka matairi yakashika, ndipo akalirudisha. Bibi akaendelea na tasbihi yake.

Palipo na kivuli kizito alisimama, akazima injini. Watoto walitaka nyani. Yeye akawaonyesha mwamba wenye majimaji na vijiua vya zambarau vimeshika kwenye nyufa. Ni ua la Usambara, ambalo Ulaya hupandwa kwenye vyungu madirishani, na jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, lilitokana na afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Mjomba hakuyajua hayo ya afisa. Alijua mwamba ulipo, na kwamba hapo gari laweza kusimama bila kumzuia mwingine. Kujua pa kusimama ni sehemu ya kazi.

Kutoka msituni tukateremka hadi Pangani, tukakuta kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Abiria hushuka, gari likaingia na dereva peke yake. Mjomba akampa ufunguo binti yake, mwenye leseni aliyoipata kwa kuzunguka mjini tu, akasimama mbele ya gari akimwongoza kwa mikono. "Gia ya kwanza, mwanangu. Achia klachi yote, usiiguse tena mpaka magurudumu ya nyuma yaingie." Gari likapanda bati, likasimama alipotaka. Jasho lilikuwa limemtoka binti mpaka kwenye nyusi.

Ng'ambo mjomba hakuuomba ufunguo. Binti akaendesha katikati ya minazi mpaka Ushongo, mjomba akiwa kiti cha nyuma na watoto. Lami iliposahaulika kabisa na njia ikawa mchanga mtupu, binti alisimama mwenyewe, akashuka, akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye tairi la mbele kupunguza upepo ili mpira utanuke na usizame. Baba yake akashusha kioo.

"Usitoe wote," alimwambia. "Tuna kurudi."