Heko, Walinzi wa Majalada

Pongezi hizi ni za makarani wa masijala, kuanzia Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki, hadi Kehancha na mji wa Migori. Kazi yao haina makofi, lakini haki nyingi za mwananchi huitegemea.

Uchaguzi wa Machi 2013 ulipofungua enzi ya kaunti, mabaraza ya zamani, likiwemo Baraza la Manispaa ya Kehancha, yalifikia kikomo. Madiwani walikwenda zao; makaratasi yakabaki: mihtasari ya vikao, daftari za ushuru wa soko, leseni za biashara, ramani za viwanja. Mjane anayedai kibanda cha marehemu mumewe sokoni hahitaji hotuba. Anahitaji stakabadhi iliyotunzwa.

Sheria ya Nyaraka za Umma ya mwaka 1965 inakataza kuharibu kumbukumbu za serikali bila idhini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nayo inazitaka taasisi za umma ziziweke kwa mpangilio. Lakini sheria haipigani na mchwa. Anayepigana ni karani anayeinua majalada kutoka sakafuni, anayeyapa namba, anayeandika nani kaazima na lini atarudisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Serikali ya Kaunti ya Migori iwape makarani hawa rafu za chuma, chumba kikavu, mafunzo na mashine za kunakili. Heko kwenu: mnatulindia haki zetu.