Ukumbusho Kabla ya Makumbusho: Mahali pa Kazi na Lugha katika Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Wahakiki wengi wa uchoraji huanza na picha yenyewe: rangi zake, umbo lake na mada yake. Ni wachache wanaouliza picha hiyo ilichorewa wapi, na paa lililomfunika mchoraji lilikuwa la nani. Katika historia ya uchoraji wa Katanga swali hilo haliepukiki, kwani wachoraji wake waliojulikana zaidi mara nyingi walifanya kazi mahali pa muda, pasipokuwa pao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hali hiyo ilichangia kuziunda picha za Tshibumba Kanda Matulu, na kwamba picha hizo zilipohama, kilichobaki nyuma ni maneno ya Kiswahili yaliyoandamana nazo.

Yafaa kwanza kutazama mfano uliotangulia. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, yaani banda. Humo walifanya kazi akina Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela. Mwenye banda hakuwataka waige mitindo ya Ulaya; aliwahimiza watoe yaliyomo nafsini mwao. Pilipili alichora samaki na ndege. Mwenze alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyosongamana. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Uhuru huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa uhuru wa mgeni: hula akashiba, ila hachagui kitoweo. Wanunuzi walikuwa hasa Wazungu, nao walipenda wanyama na mimea kuliko mgodi na kambi ya wafanyakazi, ingawa mji wote uliishi kwa shaba. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, banda nalo likafikia mwisho wake, na wachoraji wakaingia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951.

Miaka ishirini baadaye, mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, palikuwa na wachoraji wa namna nyingine. Tshibumba, aliyezaliwa mwaka 1947, ni mmoja wao. Hawa hawakuwa na mfadhili wala karakana. Walichorea nyumbani, katikati ya shughuli za jamaa, juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, kisha wakazitembeza picha mlango kwa mlango. Mnunuzi wao alikuwa karani au mfanyakazi aliyetaka kupamba sebule yake. Ndiyo sababu mada zilijirudia: mamba muntu, yule nguva wa mtoni, au ile iitwayo Colonie belge, ambamo mfungwa amelazwa chini, askari mwenzake Mwafrika anamchapa, na Mbelgiji anatazama. Mchoraji hakurudia mada hizo kwa uvivu wa fikra. Alirudia kwa kuwa wenye sebule walizihitaji.

Haja hiyo ilikuwa na jina, nalo ni ukumbusho. Mtaalamu wa lugha hawezi kulipita neno hili kijuujuu. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa. Ukumbusho hutokana na kitenzi kumbusha, kilicho katika kauli ya kutendesha: ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke. Kwa hiyo picha ya ukumbusho haijitoshelezi. Yamhitaji mtu wa kukumbushwa, na mtu wa kusema: hapa ndipo babu yako alipochapwa. Picha iliyotundikwa sebuleni huanzisha mazungumzo, na mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi, picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi, tangu enzi za mababu hadi Zaire ya Mobutu, na hata siku zijazo. Alizileta kwa mnunuzi wake, wakaketi, naye akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili huku sauti yake ikinaswa. Wako watakaosema kwamba kwa kufanya hivyo alirudi bandani, chini ya paa la mgeni. Dai hilo lina uzito, kwani mwenye sebule wa kawaida hununua picha moja au mbili. Bila mnunuzi yule mfululizo huo usingalikuwapo. Lakini bandani wachoraji walitakiwa kuonyesha nafsi zao, ilhali Tshibumba alidai kuonyesha ukweli wa mambo. Alijiita mwanahistoria. Alichora kuuawa kwa wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mwaka 1941. Alichora mateso na kifo cha Lumumba. Alipanga mahali kwa muda, lakini hakukubali kupangiwa la kusema.

Kitabu cha Fabian kilichapwa mwaka 1996 kwa jina la Remembering the Present. Ni kazi ya heshima, na haki imetendeka kwa kumpa mchoraji nafasi ya kusimulia mwenyewe. Hata hivyo, masimulizi hayo yamo katika tafsiri ya Kiingereza. Matini ya Kiswahili ilitolewa kando mwaka 1998. Picha zenyewe zimehifadhiwa Amsterdam, katika jumba lililojulikana kwa miaka mingi kuwa Tropenmuseum. Hivyo ukumbusho umeingia makumbusho. Maneno haya mawili ni ndugu wa shina moja, lakini mtazamaji wa Amsterdam hana babu wa kukumbushwa katika picha ile, na msomaji wa Kiswahili mwenye matini hana picha mbele yake.

Lawama haiwaangukii wageni peke yao. Idara za Kiswahili nazo zimeyapuuza masimulizi hayo kwa sababu ya lugha yake. Kiswahili cha Shaba husema batu badala ya watu, na vitu ya badala ya vitu vya. Msomi wa Maniema, anayejivunia Kiswahili kilichoingia kwa njia ya Nyangwe na Kasongo tangu karne ya 19, hukiona hicho kuwa lugha ya mgodini tu. Lakini ni kwa lugha hiyo ya mgodini mtu mmoja alisimulia historia ya nchi nzima, kwa mpangilio na kwa hoja.

Zaidi ya hayo, wasomaji wa Kalima na wa eneo zima la Pangi hawana haki ya kulishangaa jambo hili. Kwa Warega, vinyago na sanamu za bwami havikuwa mapambo. Vilionyeshwa wakati wa kupandishwa daraja, pamoja na methali zilizoimbwa, na maana yake ilikaa katika methali hizo. Serikali ya kikoloni ilipopiga bwami marufuku mwaka 1948, vitu vingi vilikwisha kwenda Ulaya na vingine vikafuata, vikaonekana katika vioo vya makumbusho bila methali. Tena Kalima ni mji wa madini ya bati, mji wa Symétain na, tangu mwaka 1976, wa Sominki, ambapo mfanyakazi wa kambini aliishi katika nyumba ya mwajiri wake. Msomaji wa hapa anaielewa pia hali ya mpangaji.

Kwa kuhitimisha, inapendekezwa kwamba matini ya mwaka 1998 isomwe darasani kama fasihi simulizi na kama historia, kila kipande pamoja na picha yake, na katika lahaja yake bila kusahihishwa. Picha hazitarudi upesi kutoka Amsterdam. Maneno yake yako karibu, nayo yanaeleweka na kila mwanafunzi wa Maniema atakayekubali kuyasikiliza.