Kuanika Nguo Ndani Wakati wa Masika

Nguo hukauka pale maji yaliyo kwenye nyuzi zake yanapogeuka mvuke, na mvuke huo ukapata pa kwenda. Sharti hili la pili ndilo linalosahaulika. Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, joto lipo hata usiku. Kinachokosekana ni hewa yenye nafasi ya kupokea mvuke.

Hesabu yake ni hii. Kwenye nyuzijoto 27, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 26 hivi za mvuke, kisha hushiba. Siku ya mvua, unyevu ukifika asilimia 85, gramu 22 zimekwisha kuingia na nafasi iliyobaki ni ya gramu 4. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina mita za ujazo 24, hivyo hewa yake yote itapokea gramu 100 tu, maji yasiyojaza kikombe cha chai. Beseni la nguo zilizokamuliwa kwa mkono laweza kubaki na lita 2. Ili maji hayo yaishe, hewa ya chumba lazima ibadilishwe mara 20 kwa uchache. Madirisha yakifungwa, nguo hukaa siku mbili na ubaridi uleule, bakteria huzaliana kwenye nyuzi, na uvundo huanza hapo hata kama sabuni ilikuwa nzuri. Ukuta nao huota ukungu, hasa nyuma ya kabati.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye kukamua, si kwenye kamba. Mahali pasipo na mashine ya kufulia, nguo huviringishwa ndani ya taulo kavu, watu wawili wakashika ncha na kusokota. Taulo hunywa maji ambayo hewa ingehangaika nayo usiku kucha.

Kamba hufungwa kwenye njia ya upepo kati ya dirisha na mlango, na nguo hupishana kwa upana wa kiganja. Jinzi hugeuzwa, mifuko ikaning'inia nje. Mshono wa kiunoni ndio wa mwisho kukauka: ukiguswa kwa mgongo wa mkono na kusikika baridi, maji bado yamo. Feni huelekezwa kwenye nguo zenyewe ili iondoe mvuke uliozigandia, lakini chumba kikiwa kimefungwa huzungusha mvuke uleule. Kiyoyozi, kinyume na feni, hutaka dirisha lifungwe, maana hugeuza mvuke kuwa matone na kuyatoa nje kwa bomba.

Nairobi mwezi wa Julai mambo ni mepesi zaidi. Hewa ya nje ya nyuzijoto 15, hata ikiwa na unyevu wa asilimia 80, ikiingia ndani na kupata joto hadi 20 hushuka kwenye asilimia 60 hivi, ikawa na nafasi tele.

Kuongeza joto kwa moto ni kosa. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke unaozidi lita moja ya maji. Mkaa hautoi mvuke mwingi, ila hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kukaushia nguo, hata za mtoto mchanga, hata kwa saa moja.