Herufi Tatu, Anwani Mbili

Mwaka 1989 watafiti wa Toronto na Michigan walitangaza jeni ya CFTR, ambayo ikiharibika huleta sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza kamasi nzito mapafuni. Kasoro iliyoonekana kwa wagonjwa wengi ni kukosekana kwa herufi tatu za DNA. Herufi zipi?

Kwa asiye na kasoro, kipande hicho husomeka ATCATCTTTGGT. Kwenye nakala yenye kasoro hubaki ATCATTGGT. Futa CTT, utapata hivyo. Futa TCT, inayoanza herufi moja nyuma, utapata hivyo hivyo, na protini itapoteza asidi amino ile ile, fenilalanini ya 508. DNA haionyeshi ni zipi zilizotoka, kwa hiyo mwandishi wa faili ndiye anayechagua.

Faili la VCF, muundo wa kuorodhesha mabadiliko ya DNA uliotokana na mradi wa 1000 Genomes, lina safu ya mahali (POS), ya herufi za rejea (REF) na ya herufi mbadala (ALT). Kwa kuwa ALT haiachwi tupu, herufi zilizofutwa huandikwa pamoja na ile iliyozitangulia, ibaki kama nanga. Katika jenomu ya rejea ya GRCh38 kasoro yetu huandikwa: kromosomu 7, POS 117559590, REF ATCT, ALT A. Namba hiyo ni ya A, ambayo haikuguswa. Ufutaji unaanzia 117559591. Kama herufi hizo zingechopekwa, REF ingekuwa A na ALT ikawa ATCT.

Hapa TCT imechaguliwa kwa sababu desturi ya VCF ni kusogeza badiliko kushoto hadi lisiweze kusogea tena. Kanuni za HGVS, zinazotumika kwenye ripoti za wagonjwa, husogeza kuelekea mwisho wa jeni: c.1521_1523del, yaani CTT.

Faili moja likiandika TCT na jingine CTT, programu inayolinganisha POS, REF na ALT neno kwa neno itaona mabadiliko mawili tofauti, na kasoro inayojulikana miaka mingi inaweza kuripotiwa kuwa ngeni. Ndiyo maana mafaili yote mawili hupitishwa kwanza kwenye bcftools norm, programu inayosogeza mabadiliko kushoto, kwa rejea moja, kabla ya kulinganishwa. Anayeruka hatua hiyo analinganisha mitindo ya uandishi, wala si jenomu.