Kumchagulia Kiumbe Maadui Wake

Kila kiumbe wa michezo ya Pokémon ana asili moja au mbili, na hizo ndizo zinazoamua atamtisha nani na atamkimbia nani. Moto huunguza nyasi, nyasi hunyonya maji, maji huzima moto: mtoto mdogo huelewa mduara huo bila kufundishwa. Michezo ya kwanza ilipotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 ilikuwa na asili 15. Giza na chuma ziliongezwa mwaka 1999, na mwaka 2013 ikaja asili ya vichimbakazi, zikatimia 18. Zikihesabiwa moja moja, kisha zikiunganishwa mbili mbili, zinatoa namna 171. Anayebuni kiumbe mpya wa mashindano huanza na hizo 171, na ufundi wake uko katika kuzikataa 170.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pigo likikuta asili linayoishinda, madhara huwa mara mbili. Likikuta asili inayolihimili, huwa nusu. Na ziko jozi chache ambapo pigo halifui dafu kabisa, kama umeme kwa kiumbe wa ardhi au ngumi kwa mzuka. Kwa mwenye asili mbili hesabu zote mbili huzidishwa, hivyo pigo moja laweza kumpata mara nne au robo tu. Tena kiumbe akitumia pigo la asili yake mwenyewe, nguvu ya pigo hilo huongezeka kwa nusu. Basi uamuzi mmoja hujibu maswali mawili: atapigaje, na atapigwaje. Mbuni mchanga hulikimbilia la kwanza. Fundi hukaa zaidi na la pili, kwa sababu wachezaji hodari hubadilisha viumbe wao mara kwa mara, na anayeingia uwanjani kuchukua nafasi ya mwenzake huingia akipigwa. Pigo asiloliogopa ndilo mlango wake wa kuingilia, na analoliogopa ndilo linalomtoa.

Ufundi huu umelelewa kwa namna ya pekee na Smogon, jumuiya ya wachezaji wa mashindano, katika mradi wao uitwao Create-A-Pokémon ulioanza mwaka 2007. Mashabiki hubuni kiumbe mmoja kwa pamoja, kwa mijadala mirefu na kura, kisha humpeleka kwenye mapambano ya kuigiza ili waone kama alivyokusudiwa ndivyo alivyo. Huanza na dhana, yaani kazi ambayo kiumbe atafanya uwanjani, hufuata asili, kisha kipaji chake, nguvu na kasi yake, na mapigo atakayoyajua. Wakati wa kujadili asili, kiumbe hana umbo la mwisho wala jina. Mpangilio huo una busara kubwa. Anayeanza kwa kuchora joka jekundu lenye mabawa amekwisha kuchagua moto na anga kabla ya kujiuliza joka hilo litaishije pale mapigo ya mwamba yatakapoliangukia.

Uzuri wa kuunganisha asili mbili unaonekana vizuri kwa Pyroak, mmoja wa viumbe wa mwanzo wa mradi huo, aliyepewa moto na nyasi. Sikio la kwanza hukataa: moto si utayateketeza hayo majani? Lakini zikiwekwa juu ya mwili mmoja, asili hizi mbili hulindana kama majirani wema. Nyasi peke yake huogopa moto, barafu, wadudu, sumu na anga. Moto peke yake huogopa maji, ardhi na mwamba. Zikikutana, moto hufuta hofu ya moto, barafu na wadudu, nazo nyasi hufuta hofu ya maji na ardhi. Katika hofu nane hubaki tatu: sumu, anga na mwamba. Kampuni yenyewe ya michezo haikutoa kiumbe wa moto na nyasi hadi Scovillain alipokuja mwaka 2022, miaka mingi baada ya mashabiki kuuona muungano huo.

Kuna miungano ambayo sifa yake iko katika kupiga. Revenankh, kiumbe mwingine wa mradi huo, alipewa mzuka na ngumi. Kiumbe wa asili ya kawaida hadhuriki na pigo la mzuka, lakini ngumi humwangusha. Mzuka hadhuriki na ngumi, lakini pigo la mzuka mwenzake humpasua. Wa giza huhimili mzuka na kuanguka kwa ngumi. Wa akili huhimili ngumi na kuanguka kwa mzuka. Kila mlango unaofungwa mbele ya pigo moja huwa wazi kwa jingine. Kwa miaka mingi hakukuwa na kiumbe ambaye asili zake pekee zingemwezesha kuhimili mapigo yote mawili, mpaka Zoroark wa Hisui alipotokea mwaka 2022 akiwa na asili ya kawaida pamoja na mzuka. Huyo hadhuriki na lolote kati ya hayo.

Jambo ambalo jedwali halisemi ni kwamba thamani ya asili hutegemea majira. Sableye, tangu mwaka 2002, na Spiritomb, tangu mwaka 2006, waliunganisha mzuka na giza wakaishi bila udhaifu wowote, hadi vichimbakazi walipoingia mwaka 2013 na kuwapa adui wao wa kwanza. Mwaka huohuo wa 2006 lilikuja pigo la mawe ya kuvizia, ambayo hubaki yakielea upande wa mpinzani na kumkata kila anayeingia. Ambaye mwamba humpata kwa nguvu ya kawaida hupoteza asilimia 12.5 ya uhai wake; mwenye udhaifu wa mara mbili hupoteza robo; mwenye udhaifu wa mara nne hupoteza nusu. Charizard, kipenzi cha wengi, mwenye moto na anga, akiingia mara mbili amekwisha hata kabla ya kurusha pigo.

Kiumbe wa kwanza kabisa wa mradi, Syclant, alikuwa wa barafu na wadudu, muungano unaoumizwa mara nne na moto na mara nne na mwamba. Waliombuni hawakumbadilishia asili. Walimtungia kipaji kipya, Mountaineer, kinachomwezesha kuyakwepa mawe anapoingia uwanjani. Alibaki dhaifu kama barafu ilivyo, ila akapata njia ya kufika kazini. Huo ni uamuzi wa kistadi: udhaifu haukufutwa wote, ulipunguzwa pale tu ulipokuwa unamzuia kiumbe asicheze.

Kishawishi kikubwa cha kila mbuni ni chuma. Asili hiyo huhimili asili kumi na haipenywi na sumu hata kidogo, nayo huogopa tatu tu: moto, ngumi na ardhi. Kuipachika juu ya kiumbe yeyote ni rahisi, na mara nyingi ni uvivu. Pambano ni la watu wawili, na mpinzani naye anahitaji jibu analoweza kulifikia kwa akili yake. Hata idadi ya udhaifu pekee haitoshi kupimia. Swampert, wa maji na ardhi, anaogopa nyasi peke yake, lakini nyasi humpata mara nne. Wapinzani wanaomfahamu humwekea pigo la nyasi mfukoni mwa kiumbe ambaye hakudhaniwa kuwa nalo. Mwenye udhaifu mwingi mwepesi hufukuzwa mara nyingi. Mwenye udhaifu mmoja mzito huishi kwa raha hadi siku anapoviziwa. Hayo ni maisha mawili tofauti kabisa, na mbuni ndiye anayeamua kiumbe wake aishi yapi.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni Mollux, naye wa mradi huohuo wa Smogon. Dhana yake ilikuwa kuchukua muungano wa asili usiosifiwa na kuutafutia heshima, na kura zikauangukia muungano wa moto na sumu, ambao hadi wakati huo kampuni haikuwa imempa kiumbe yeyote. Kwa haraka haraka muungano huo unasikitisha. Ardhi humuumiza mara nne, na maji, mwamba na akili humuumiza mara mbili kila moja. Mawe ya kuvizia humla robo. Lakini upande wa pili una utajiri usioonekana katika jedwali la mapigo. Kiumbe wa sumu hatiwi sumu, na wa moto haunguzwi. Hizo ndizo njia mbili ambazo wachezaji huzitegemea kumchosha taratibu kiumbe mgumu wa kujihami, na zote mbili zinagonga ukuta. Tena akikanyaga miiba ya sumu iliyotandazwa chini, huifyonza na kuwasafishia wenzake njia. Nyasi na wadudu humgusa kwa robo ya nguvu. Ngumi, barafu na chuma kwa nusu.

Kisha kikaja kipaji kiitwacho Dry Skin. Mwenye ngozi hiyo akipigwa kwa maji haumii. Hupata robo ya uhai wake, ingawa moto humzidia makali kidogo. Kwa kiumbe mwingine hiyo ni bei ya kufikiriwa. Kwa Mollux, moto tayari humpata nusu, hivyo ongezeko halimsumbui, na adui aliyekuwa akimtoa uwanjani akageuka kuwa chemchemi yake. Asili na kipaji vilifungana kama ulimi na shimo la ubao katika kazi ya seremala. Wachezaji wa viumbe wa maji walilazimika kufikiri upya kabla ya kila pigo.

Udhaifu wa ardhi ukaachwa, na hapo ndipo waliombuni walipoonyesha kujizuia. Kipaji cha kuelea, ambacho viumbe wengi wanacho, kingeufuta wote kwa mkupuo mmoja. Hakupewa. Tetemeko la ardhi, moja ya mapigo yanayobebwa sana katika mashindano, lilibaki kuwa jibu lililo wazi kwa kila mpinzani, na mchezaji wa Mollux akabaki na wajibu wa kuwa na mwenzake arukaye, wa kumpokea pale ardhi inapoanza kutikisika.